Kirusi, Kiswahili na mpaka wa Lwakhakha

Kijana wa Kitale akipata ufadhili wa kusomea udaktari nchini Urusi, kwa kawaida hatakimbilia darasa la tiba. Ataanza na mwaka mzima wa kujifunza Kirusi. Wazazi huuliza, "Sasa hicho Kirusi atakitumia wapi hapa Trans Nzoia?" Mimi huuliza swali jingine: mbona Urusi ikubali kugharimia mwaka mzima wa mtoto wa wenyewe ili tu ajue lugha yake?

Jibu ni siasa. Mwaka wa 1990 msomi wa Marekani, Joseph Nye, alilipa jambo hili jina, yaani nguvu ya mvuto: kumfanya mwenzako apende unalolitaka bila kumtisha. Warusi walikuwa wameanza zamani. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilifunguliwa Moscow mwaka wa 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Enzi za Jaramogi Oginga Odinga, Wakenya si haba walielekea huko. Jina la Lumumba liliondolewa 1992, likarejeshwa 2023, wakati Urusi ikiwa vitani Ukraine na ikitafuta marafiki Afrika kwa udi na uvumba.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Warusi hawakutaka tu tujifunze chao, nao walijifunza chetu. Redio Moscow ilitutangazia kwa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyohaririwa na Olderogge ilichapishwa Moscow 1961, Kenya ikiwa bado koloni.

Lakini hebu tuwatazame majirani zao. Poland, Hungaria na Czechoslovakia, Kirusi kilikuwa somo la lazima shuleni. Upepo wa 1989 ulipovuma na lazima ikaondoka, wanafunzi wengi walikipa kisogo wakahamia Kiingereza na Kijerumani. Lugha ni ile ile. Mwafrika aliipokea pamoja na karo na kitanda cha bweni, ilhali jirani aliipokea pamoja na vifaru.

Tusiwacheke. Ukivuka Lwakhakha kutoka Bungoma, au Suam kutoka Kitale, unaingia Uganda, nchi ambako Kiswahili nacho kina doa kama hilo. Waganda wengi, hasa Buganda, walikizoea kama lugha ya askari. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa 1973, doa lilizidi kukolea. Nani atapenda lugha anayoamrishwa nayo alale chini?

Ajabu ni kwamba sokoni mpakani hapo hapo, Kiswahili hakina adui. Mbukusu na Mgisu huelewana kwa lugha zao, maana ni ndugu. Akifika Mteso au Msabaoti na bei ianze kuvutwa huku na huku, wote huingia Kiswahili, na hakuna aliyewatuma. Lugha hiyo inawapa riziki, basi.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za upili. Mlango huo umefunguliwa kutoka ndani. Uganda inahitaji walimu, na huku kwetu Bungoma walimu wa Kiswahili waliohitimu wanaendesha bodaboda wakisubiri ajira ya TSC. Ajabu gani hii? Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, safari fupi tu kutoka mpakani. Serikali ingeweza kuwafadhili Waganda waje wasomee ualimu wa Kiswahili hapo, na kuwalipa vijana wetu waende kufundisha ng'ambo ya pili. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya Moscow.

Nina sharti moja. Neno "lazima" limewahi kukiponza Kirusi Poland, na linaweza kukiponza Kiswahili Uganda. Mwalimu wetu asiende Mbale na kiburi cha mwenye lugha, akisahihisha kila kinywa kinachoteleza kwenye ngeli. Ajifunze kwanza kusalimu kwa Lugisu. Mbukusu hatahitaji hata wiki mbili.