Kumsubiri Mchelewaji

Farasi aliyekaa malishoni miezi sita hudanganya. Siku ya kwanza akitandikwa hurusha kichwa, huvuta hatamu, hutaka kukimbia, na mpandaji mgeni huiona furaha ile akaiita nguvu. Mjuzi hutazama miguu. Chini ya goti farasi hana misuli ya maana: ni mfupa, kano na ngozi, na juu yake kilo 500 za mwili kabla mtu hajapanda. Moyo huimarika kwa wiki chache. Misuli hutaka miezi miwili, mitatu. Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo huchelewa kuliko hivyo vyote, na ikichanika hupona kwa kovu lisilovutika kama zamani. Kazi nzima ya kumrudisha farasi ni kumsubiri huyo mchelewaji, huku mwili uliobaki ukisema twende.

Ndiyo maana nauheshimu sana mwendo wa kutembea. Uingereza, farasi wa kuwindia walizoea kuachwa malishoni wakati wa kiangazi, na waliporudishwa bandani wiki za mwanzo zilikuwa za kutembea barabarani tu, mpaka miguu izoee ardhi ngumu. Lakini kuna kutembea na kutembea. Hatua inayotakiwa ni ndefu, shingo imenyooshwa, mgongo unafanya kazi, kwato ya nyuma inakanyaga alama ya kwato ya mbele au kuipita. Mpandaji awezaye kuitunza hatua hiyo saa nzima, bila kumchosha farasi wala kumwacha alale njiani, kwangu ni fundi kuliko arukaye vizuizi. Mwendo wa kudunda huja baadaye, dakika chache chache, kisha vilima. Shoti ni ya mwisho kabisa.

Na kuna mambo ya bandani. Tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana huenda sasa likamuumiza, maana misuli ya mgongo imenywea ilhali tumbo limenenepa. Ngozi chini ya mkanda imelainika. Wazee wa kazi hii waliikaza kwa maji ya chumvi. Nafaka hufuata kazi, haiitangulii. Farasi wa mikokoteni wa Ulaya walioshindishwa bandani Jumapili kwa chakula kile kile cha siku za kazi walikakamaa misuli walipofungwa tena mkokoteni, na maradhi hayo yakaitwa ya Jumatatu asubuhi.

Kipimo kipo. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya kazi ya wastani, ukikawia zaidi ya robo saa kushuka hadi 60, kazi ilimzidi. Ila kipimo ninachokiamini zaidi ni kiganja cha saisi asubuhi ya pili, kikishuka nyuma ya mguu kutafuta joto au uvimbe. Akilikuta joto, daktari wa mifugo aitwe na kupandwa kusimame, hata kama mashindano yamekaribia na ada imelipwa. Penye mbio, iwe uwanja wa Ngong jijini Nairobi au kwingineko, mwenye farasi ndiye mwenye fedha na kauli. Katika jambo hili moja, saisi akisema bado, kauli iwe yake.