Nyayo Zina Uzito Gani? Kusoma How Bad Are Bananas? pembeni ya jiko la mkaa

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutafsiri kipeperushi. Kurasa nne tu, mada yake jinsi ya kupunguza nyayo zako za kaboni nyumbani na kazini. Shirika lililonipa kazi sitalitaja, maana walinilipa kwa wakati na hilo si jambo dogo. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ikanichukua wiki mbili, na ndani ya wiki hizo nikasoma kitabu kizima ili nielewe nilichokuwa natafsiri. Kitabu chenyewe ni How Bad Are Bananas? cha Mike Berners-Lee wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza (ndiyo, ni ndugu yake Tim, yule aliyebuni wavuti). Kilitoka 2010, na toleo jipya likatoka 2020. Nataka kukizungumzia kitabu, lakini siwezi kukifikia bila kupitia kwenye kile kipeperushi.

Tatizo lilianza kwenye neno la kwanza. Kwa Kiswahili nyayo ni za kufuatwa. Mtoto anafuata nyayo za baba yake, mwanafunzi nyayo za mwalimu wake. Kenya neno hili lilifanywa siasa: Moi alipoingia madarakani 1978 aliahidi kufuata nyayo za Kenyatta, na Nyayo ikawa falsafa, ikawa jina la uwanja wa mpira, la mabasi, na la lile jengo la Nairobi ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kuwatesea wapinzani wa serikali. Msomaji wa Nairobi mwenye umri fulani ukimwambia "nyayo", sidhani kama ataanza kufikiria balbu.

Kwa Kiingereza neno hilo limepita njia nyingine. Miaka ya 1990 William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel, kule Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walizungumzia nyayo za kiikolojia: ukubwa wa ardhi na maji vinavyohitajika kuwalisha watu wa mahali fulani na kumeza taka zao. Ilikuwa njia ya kuuliza mji mzima au nchi nzima inakula kiasi gani cha dunia. Halafu mwaka 2004 kampuni ya mafuta ya BP ikaweka mtandaoni kikokotoo cha kaboni, na matangazo yake yakawa yanamuuliza mtu mmoja mmoja: wewe, nyayo zako zikoje? Hapo ndipo kiambishi kidogo "-ako" kilipoingia. Yaani anayechimba mafuta anakuuliza wewe unayechemsha chai. Mimi ni mwandishi wa habari, nimeshaona matangazo mengi, lakini huu ni ufundi wa aina yake.

Sasa kitabu. Niseme mapema kwamba nilikifungua nikiwa na kinyongo, na nikakifunga nikiwa nimempenda mwandishi. Berners-Lee hahubiri. Amepanga vitu kwa uzito wa hewa ukaa inayotokana navyo, kuanzia vya chini ya gramu kumi hadi vya mamilioni ya tani, na anakutembeza humo kama mtu anayekuonyesha bidhaa sokoni: ujumbe wa simu, kikombe cha chai, shati lililopigwa pasi, hadi vita na kombe la dunia. Haoni aibu kusema kwamba namba zake ni makadirio. Ndizi ya kwenye jina la kitabu inatoka salama: haihitaji banda la kupashwa joto, inasafiri kwa meli na si kwa ndege, na ganda lake ndiyo mfuko wake.

Ukurasa ulionisimamisha ni wa waridi. Kwa hesabu ya toleo la kwanza, ua moja la waridi lililolimwa Kenya na kupelekwa Ulaya kwa ndege lina gramu 350 hivi. Lililolimwa Uholanzi, kwenye banda linalopashwa joto, linapita kilo mbili. Nilisoma mara mbili. Miaka yote tumeambiwa kwamba kilichotoka mbali ndicho kichafu. Kumbe jua la Naivasha lina hesabu yake. (Maji ya Ziwa Naivasha nayo yana hesabu yake, na mizani ya kaboni haiyaoni. Hiyo ni makala nyingine.)

Na kuhusu chai, anasema jambo ambalo sisi wanywaji wa chai ya maziwa hatutalifurahia: maziwa yana mzigo kuliko maji uliyoyachemsha, kwa sababu ya ng'ombe. Kipeperushi changu kilikuwa kimekazana na birika.

Lakini kila kitabu kina msomaji wake aliyekaa kichwani mwa mwandishi. Ili namba zieleweke, Berners-Lee anazipima kwa mwaka wa maisha ya mtu. Toleo la kwanza lilimwazia mtu wa tani kumi kwa mwaka. La 2020 linamwazia wa tani tano, kama shabaha ya kushukia. Kwa Mwingereza ni sawa. Tanzania, ukichukua hewa ukaa ya mafuta, gesi, makaa ya mawe na viwanda ukaigawa kwa watu wote, unapata karibu robo ya tani kwa kichwa, pengine pungufu. Najua hesabu hizi mbili hazifanani, yake inaingiza hadi kilichotengenezwa nje. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kuzibwa na tofauti ya mahesabu. Kwa wengi wetu kufika tani tano siyo kupunguza, ni kupanda.

Nilimpelekea mama mdogo, Mbagala, rasimu yangu ya kwanza. Nikamsomea akiwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye "tumia mashine ya kukausha nguo pale tu inapobidi" akatazama kamba yake ya nguo uani, akanitazama mimi.

"Hizo nyayo, mwanangu, nizipunguze vipi? Nitembee kwa ncha za vidole?"

Tukacheka. Ila mama mdogo ana jambo la kweli la kuulizwa, na hakuna ukurasa hata mmoja wa kipeperushi uliomuuliza. Ana mtungi wa gesi wa kilo sita na ana jiko la mkaa. Gesi ni ya chai ya asubuhi na ya mgeni wa ghafla. Maharage ni ya mkaa. Si kwamba hajui. Mkaa unauzwa hata wa kopo moja, kwa pesa ya leo. Kujaza mtungi kunataka zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo, na pesa yake haiji kwa mkupuo. Wakati huohuo, kwenye matanuri ya udongo tuliyoyazoea, kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo tano hadi kumi za kuni. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Uzito wa jambo unakaa hapo, kwenye sufuria ya maharage, na lugha ya "zima taa ukitoka chumbani" haiugusi. Taa zenyewe, tangu bwawa la Nyerere pale Rufiji lianze kuzalisha, kwa sehemu kubwa ni maji.

Nikisema hivyo sijitoi. Ofisi ninayofanyia kazi ina kiyoyozi kinachowekwa nyuzi 18 na watu wanavaa sweta, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Niliwahi kupandishwa ndege kwenda London kwa semina ya siku tatu kuhusu uandishi wa habari za tabianchi. Safari ile, kwenda na kurudi, kiti cha kawaida, ni zaidi ya tani moja. Miaka minne au zaidi ya Mtanzania wa kwenye takwimu, ndani ya siku tano. Dada anayefagia ofisi yetu anatoka Chanika kwa daladala mbili. Kipeperushi kinatuita sote wawili "wewe".

Berners-Lee, tofauti na waandishi wa vipeperushi, analijua hili. Anarudia kwamba mtu achague vita vyake, asihangaike na mfuko wa plastiki halafu apande ndege. Ndiyo maana nasema kitabu chake ni bora kuliko neno alilolirithi.

Rasimu ya mwisho niliipa jina "Moshi wetu, nyumbani na kazini". Nikaongeza aya ya mtungi na mkaa, nyingine ya safari za ndege. Zilirudi zimekatwa zote mbili, kwamba ziko nje ya mada, na nyayo zikarudishwa kwenye jalada. Mashine ya kukausha nguo ilibaki. Nakala moja imebandikwa jikoni kwetu ofisini, juu ya birika la lita mbili ambalo kila anayetaka kikombe kimoja analijaza hadi juu.