Tänak hakupaswa kusimama

Kuna namba mbili ambazo tangu Jumapili jioni hazijaniacha. Ya kwanza: Ott Tänak wa Hyundai alimaliza Safari Rally ya 2021 akiwa wa 3, dakika 1 na sekunde 9.5 nyuma ya mshindi, Sébastien Ogier. Ya pili: Jumamosi alasiri, kwenye hatua ya 13, Tänak huyo huyo alipoteza zaidi ya dakika moja kwa sababu alisimamisha gari katikati ya Sleeping Warrior ili apanguse kioo. Ziweke namba hizo ubavu kwa ubavu uone zilivyolingana. Siwezi kulisema hili kwa upole. Safari ya kwanza ya ubingwa wa dunia baada ya miaka 19 ilikuwa ya Hyundai kuichukua, na waliiacha pale Sleeping Warrior mbele ya kioo chenye ukungu.

Najua wengi wenu mlikwenda kulala mkimlilia Thierry Neuville, mwenzake wa Hyundai aliyekuwa anaongoza. Shokapu ya nyuma upande wa kulia ilimkatikia Loldia, hatua ya kwanza ya Jumapili, akiwa na sekunde 57.4 mkononi. Inauma, na nitaifikia. Lakini ya Neuville ni chuma kilichokatika. Ya Tänak ni uamuzi, na kazi ya safu hii ni maamuzi.

Turudi Jumamosi. Sisi hapa Chunya tuliifuatilia kwa simu na mabando, kwa kuwa kwenye banda la kuonyeshea mpira watu walikuwa wameshakaa wakisubiri Wales na Denmark saa 1 usiku. Asubuhi vumbi tupu: Elmenteita, Soysambu, kisha Sleeping Warrior, kilomita 31 chini ya ule mlima unaofanana na mtu aliyelala chali. Mchana wakarudia njia zile zile. Kwenye mzunguko wa mwisho mbingu zikafunguka. Anayeijua moramu nyekundu anajua mvua hufanya nini juu ya vumbi lililosagwa mara mbili kwa siku: juu linakuwa sabuni, chini linabaki gumu, na tairi halina pa kushika. Neuville alipita. Takamoto Katsuta, ambaye hadi siku ile alikuwa hajawahi kupanda jukwaani maishani mwake kwenye mbio za dunia, alipita. Ogier alipita. Tänak, bingwa wa dunia wa 2019, akasimama.

Kioo kiliota ukungu kwa ndani, kiasi cha kutoona njia. Hilo halina ubishi. Swali ni ukungu ule ulitoka wapi, na dereva akishauona afanye nini.

Ulipotoka si muujiza. Ndani ya gari la rali kuna watu wawili wamevaa nguo za kuzuia moto, kofia, glovu, wanatokwa jasho tangu asubuhi. Tundu la hewa juu ya paa linafungwa ili vumbi la Naivasha lisiingie, kwa kuwa vumbi lile likiingia linakaba koo. Mvua ya ghafla inapoza kioo kwa nje. Jasho na pumzi, zikikosa pa kutokea, zinatua pale pale kwenye kioo kilichopoa. Mtoto wa darasa la saba anayechora kwa kidole kwenye dirisha la daladala ya Mwanjelwa asubuhi ya Juni anajua habari hii. Timu zilifunga mabomba marefu ya kuvutia hewa ili injini isimeze maji wala vumbi. Hyundai walikumbuka pumzi ya injini wakasahau pumzi ya watu wawili.

Nimeona tatizo hili likitatuliwa, na sikuliona kwenye karakana ya Ulaya. Miaka ile barabara ya Mbeya na Chunya ilikuwa bado ya udongo nilipanda Fuso lililobeba vipuri vya karasha kwenda Makongolosi. Kabla ya kuondoka dereva alichukua kipande cha sabuni ya mche, akakisugua kikiwa kikavu kwenye kioo cha mbele, kwa ndani, juu kulia hadi chini kushoto. Kisha akachukua gazeti la zamani akapangusa mpaka kioo kikang'aa, usione alama ya sabuni hata moja. Nikamuuliza, "Mzee, hiyo ya nini?" Akasema, "Ya Kawetere, mwanangu. Utaiona."

Nikaiona. Tulipokuwa juu kabisa ya Kawetere mvua ikashuka pamoja na wingu, kona ya kushoto ina korongo, na sisi wanne kwenye kabini tukihema kama ng'ombe. Pembeni ya kioo, pale sabuni ilipokosa kufika, kukaanza kuwa kweupe. Yule mzee hakukanyaga breki. Alishusha dirisha lake lote, akaniambia nishushe la kwangu, akarudisha gia moja na kuendelea. Mvua ikatulowesha mpaka viatuni. Weupe ukarudi nyuma, ukaisha. Baadaye, kwenye mteremko, nikamuuliza mbona hakusimama akapangusa. Akasema kioo ukikipangusa bila kubadili hewa, unapangusa tena baada ya kilomita moja, na gari lililosimama kwenye tope la Kawetere huenda lisiondoke.

Maneno hayo ndiyo uchambuzi wangu wote wa hatua ya 13.

Ukisimama, unalipa mara tatu. Unalipa muda wa kusimama kwenyewe. Unalipa muda wa kulitoa gari kwenye utelezi kutoka sifuri, na wanaoendesha wanajua huo ni mwingi kuliko unavyodhani. Halafu unalipa ile ya kutokuwa umetibu chochote, maana hewa iliyoleta ukungu bado ipo ndani, na watu wawili waliokuwa wanahema sasa wanahema kwa hasira. Pigeni hesabu ya upande wa pili. Tuseme anafungua kila penye tundu, mvua iingie impige usoni, na anapunguza mwendo mpaka anaona. Apoteze sekunde 2 kwa kila kilomita, kwa kilomita 10 nzima. Ni sekunde 20. Ziwe hata 30. Bado ingekuwa chini ya nusu ya alicholipa, na asingeteremka hadi nafasi ya 4.

Kuna atakayesema: ulitaka aendeshe kipofu? Hapana. Mbele kuna mawe, na kuna msoma ramani, Martin Järveoja, mwenye uhai kama mimi na wewe. Dereva asiyeona apunguze, hata atambae kwa gia ya kwanza huku akisomewa kona. Järveoja ana daftari lenye kila kona ya Sleeping Warrior, na walikwisha kupita pale asubuhi ile ile. Gari linalotambaa bado linapunguza kilomita zilizobaki. Tena ilikuwa hatua ya mwisho ya siku. Mbele yake hakukuwa na hatua nyingine ya kuhofia, palikuwa na mafundi wa Naivasha na usiku mzima. Kulikuwa na haja gani ya kulinda kiti kisilowe?

Nao mafundi wasijifiche nyuma ya dereva. Mvua ya alasiri Bonde la Ufa si habari mpya, na kila timu ina watu wa kutazama mawingu. Dereva anapofika mahali pa kuchagua kati ya kusimama na kutoona, kuna mtu aliyelala mapema karakanani.

Hapa ndipo watu hunikasirikia kwamba naabudu wazee. Acha nikasirikiwe. Mwaka 1968 yalianza magari zaidi ya 90 kwenye East African Safari, jina la zamani la mbio hizi, mvua ikanyesha, yakamaliza 7. Alishinda Nick Nowicki na Peugeot 404, kama alivyoshinda mwaka 1963 mvua ilipobakiza 7 vile vile. Mtu mmoja, gari aina moja, tope la aina moja, mara mbili. Hiyo si bahati. Wale walikuwa wanakwenda usiku na mchana, maelfu ya kilomita, barabara ikiwa wazi, lori na ng'ombe wanatoka upande wa pili, na gari likiwa na vioo vya kawaida, waipa za kawaida na hita ya kawaida. Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na ndiyo maana mwaka 1974 alikileta kile kijilancer cha cc 1600 nyumbani mbele ya Porsche ya Björn Waldegård. Alilijua gari lake kwa kulisikiliza. Na anayedhani dakika moja kwenye Safari ni ndogo akumbuke 1973: Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kwa pointi, ikabidi kanuni ya kutenganisha ndiyo impe Mehta ushindi wa kwanza kati ya mitano.

Na sitachoka kumtaja wetu. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na Chris Rothwell kando yake, walishinda Safari mwaka 1966 wakarudi kushinda 1967, gari ni Peugeot 404. Ukiwauliza vijana kumi wa hapa Chunya wanaojua namba ya gari la kila dereva wa mwaka huu, kumi wote hawajamsikia. Mtu aliyeshinda mara mbili mfululizo akitokea Tanzania! Mbio zile zilianza 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalipanda Mbulu, na watoto wa Mbulu waliyajua kwa mlio. Tangu katikati ya miaka ya 1970 Safari ni ya Kenya peke yake, na sisi tumebaki watazamaji wa simu.

Sasa Neuville. Kwenye mbio za Ureno, Tänak alikuwa anaongoza, gari likamwangusha kwenye miguu, yaani suspensheni. Sardinia, Tänak anaongoza tena, miguu tena. Kenya, anaongoza Neuville, na kilichokatika ni shokapu. Mbio tatu zilizofuatana, uongozi umepotea mara tatu kupitia miguu ya gari. Wapo wanaosema Neuville alikimbia kupita kiasi akiwa na karibu dakika nzima. Mimi simwekei lawama hiyo. Siku mbili alikuwa dereva mwenye akili kuliko wote Naivasha, alipita mchangani Ijumaa wakati Kalle Rovanperä amezama, alipita mvuani Jumamosi, na alistahili kombe. Alitoka kwenye gari akiwa na uso wa mtu aliyefiwa, na sikuona sababu ya kumtaka aombe msamaha. Mwenye kuomba msamaha ni aliyeidhinisha vyuma vile baada ya Ureno.

Lakini tazameni hii inavyonirudisha kwa Tänak. Neuville alipoanguka, timu ilikuwa na gari la pili. Kazi ya gari la pili ni hiyo: la kwanza likianguka, liwepo karibu kuokota. Lingekuwa karibu. Badala yake asubuhi ya Jumapili lilikuwa nyuma ya Toyota mbili, na vita ya ushindi ikabaki ya Katsuta na Ogier, nyumba moja, wakigawana hatua ya Hell's Gate kama ndugu wanaogawana shamba.

Ogier alishinda kwa sekunde 21.8, ushindi wake wa 4 msimu ule na wa kwanza Safari, bila kufanya kosa kubwa hata moja baada ya Ijumaa ngumu. Katsuta aliendesha vizuri kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo wameingia kumi bora na magari ya daraja la chini, na Wakenya wana haki ya kujivunia.

Jumapili hiyo hiyo, tarehe 27 Juni 2021, Kenyatta, rais wa Kenya wa wakati ule, alitangaza kwamba Safari ingebaki kwenye ubingwa wa dunia hadi 2026. Nafurahi kwa dhati. Ombi langu kwa waandaaji ni lile la kila mwaka, na nitaliandika mpaka mkono uchoke: kilomita 320 za hatua ni chache mno kwa jina hilo, na ng'ambo ya mpaka wa Namanga kuna barabara zilizolijua jina hilo kabla madereva hawa hawajazaliwa. Kwa Hyundai sina ombi, nina swali. Katikati ya Julai 2021 walikuwa wanakwenda Estonia, nyumbani kwa Tänak. Mvua ingenyesha kule, nani ndani ya timu ile alikuwa ameshapewa jukumu la kioo?