"Nyumba ya Mbao" na Dungu la Rufiji

Wafasiri wa vitabu vya historia na vya ujenzi wamezoea kuiita nyumba ya kale ya mkulima wa Kiingereza, ile yenye miti inayoonekana wazi ukutani, "nyumba ya mbao". Tafsiri hiyo hatuikubali. Mbao ni mti uliopasuliwa, na nyumba ya mbao ni ile ambayo kuta zake ni mbao. Nyumba tunayoizungumzia ilisimamishwa kwa miti mizito ya mwaloni iliyochongwa mraba, ikaunganishwa kwa ulimi na tundu, kisha ikakazwa kwa vigingi vya mti. Mapengo yaliyobaki mara nyingi yalisukwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Msomaji wa Ngorongo, huko Rufiji, akielezwa hivyo atatambua mara moja kuwa ni jamaa ya nyumba ya fito na udongo aijuayo. Akiambiwa "nyumba ya mbao" atafikiria kibanda cha duka.

Tunapendekeza "nyumba ya kiunzi". Neno hili limetokana na kuunda, na waundaji wa vyombo vya baharini wanalo tangu zamani. Lakini lisitumiwe ovyo: nguzo za nyumba ya fito huchimbiwa ardhini na kufungwa kwa kamba, wala hazina ulimi.

Boriti nayo imechoshwa. Katika biashara ya miti ya mikoko, iliyosafirishwa kwa karne nyingi kutoka delta ya Rufiji na Lamu hadi Uarabuni na Ghuba, boriti ni daraja la unene: chini yake zipo fito, pau na mazio, juu yake, nguzo. Kuuita mhimili wa zege boriti si dhambi, maana neno limekwisha kupanuka. Ila mfasiri wa hati za misitu anayeandika "boriti" kwa kila mti uliokatwa humpotosha mwenye kibali na mkaguzi pia.

Linalotusikitisha zaidi ni dungu. Kamusi zetu kwa kawaida hulifasiri kuwa ulingo wa kulindia ndege shambani. Baada ya mafuriko ya 1968, wakazi wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya ujamaa vya mahali pa juu, na mashamba yakabaki kule kule chini. Msimu wa kilimo ulipofika, jamaa nzima ilihamia dunguni: hapo ikapika, ikalala, ikahifadhi mavuno, maji yakipita chini ya sakafu. Karani anayeandika "kibanda cha kulindia ndege" katika orodha ya mali amefuta makazi ya watu kwa maneno manne.

Tunapendekeza kamusi iongeze maana ya pili: "nyumba ya miti yenye sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo, ikaliwayo msimu wa kilimo katika bonde la mto". Mlinzi wa ndege abaki na ulingo wake.