Kuipima Picha ya Ibuti la Jauza

Ukionyeshwa picha ya Ibuti la Jauza, nyota nyekundu ya begani mwa kundinyota la Jabari ambayo wengi huiita Betelgeuse, usisifu ukubwa wa nukta yake pichani. Kipenyo chake hulishinda Jua mara mamia, lakini iko mbali mno: ilibidi kungoja darubini ya angani ya Hubble, mwaka 1995, ndipo uso wake ukapigwa picha moja kwa moja. Darubini iliyosimamishwa juu ya ploti huku kwetu Nairobi, mitaa ya Umoja au Kayole, haiwezi kuuonyesha uso huo. Duara pana ni fokasi iliyopotea au mwanga uliozidi. Nukta iwe ndogo, mviringo, na rangi ifike hadi katikati.

Rangi ndiyo mtihani mkubwa. Mwanga ukizidi, kitovu huungua kikawa cheupe, uchungwa ukabaki ukingoni. Mpigaji stadi hufupisha muda wa shata hata nyota jirani zipotee, nami naona hasara hiyo inafaa. Halafu huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, tuna moshi wa jaa la Dandora, vumbi, na taa za mtaani za mulika mwizi, navyo huweza kubadili rangi ya picha. Kwa hiyo mwombe akuonyeshe na Rigel, mguu wa Jabari, iliyopigwa usiku uleule, kamera ikiwa vilevile. Moja iwe ya chungwa, nyingine nyeupe yenye ubuluu. Zote zikiwa za chungwa, hiyo ni rangi ya anga au ya kamera. Zote zikiwa nyeupe, zimeungua.

Miale minne ya msalaba si kosa. Huletwa na vyuma vinavyoshika kioo kidogo ndani ya darubini. Kila mwale ukigawanyika kuwa miwili, fokasi haikukaa sawa.

Uliza saa pia. Nairobi iko karibu na Ikweta, hivyo nyota hii hupita karibu utosini, ambako hewa ya kupenya ni kidogo. Katikati ya Februari hufika huko saa tatu usiku, mabati na zege vingali vinatoa joto la mchana, na nukta hutikisika. Katikati ya Desemba hufika saa saba usiku, paa limepoa. Mimi huchagua Desemba.

Na tarehe iandikwe. Kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020 Ibuti la Jauza ilififia hata macho matupu yakaona. Picha ya msimu ule yenye tarehe, muda wa shata na nyota ya kulinganishia, naiweka juu ya nyingine iliyo safi zaidi lakini haina maandishi.