Dakika Tatu za Duke Ellington

Tarehe 6 Machi 1940, mjini Chicago, bendi ya watu 15 ilirekodi wimbo uitwao Ko-Ko kwa ajili ya kampuni ya Victor. Dakika tatu hazitimii, nao umekwisha. Katika muziki wote wa bendi kubwa za enzi ya swingi sijasikia kazi iliyosukwa kwa ustadi kuupita wimbo huo, na msusi wake ni Duke Ellington.

Enzi hiyo bendi kubwa zilikuwa tele Marekani. Count Basie alikuwa na yake, Benny Goodman na yake, Jimmie Lunceford na yake, na vijana walijaa kwenye kumbi kucheza dansi. Mpango wa bendi hizo ulikuwa karibu mmoja: tarumbeta upande huu, tromboni upande ule, saksafoni mbele, na nyuma yao piano, gitaa, besi na ngoma. Mwandishi wa muziki aliandika karatasi ya tarumbeta ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mpigaji akihama, analetwa mwingine, anasoma karatasi ileile, na dansi inaendelea.

Ellington alikuwa na njia yake. Juu ya karatasi zake aliandika majina ya watu, kwa kuwa aliyekuwa akimtungia ni mtu. Noti ya chini ya saksafoni ya baritoni ilikuwa ya Harry Carney, aliyejiunga naye mwaka 1927 akiwa na miaka 17 na hakuondoka tena mpaka Ellington alipofariki Mei 1974. Noti nyororo ya saksafoni ya alto ilikuwa ya Johnny Hodges. Na aliposuka sauti zao, hakuheshimu mipaka ya mafungu. Alichukua tromboni moja, klarineti moja na tarumbeta moja, akazipandanisha, ikatoka rangi ambayo hata wanamuziki wenzake walishindwa kujua imetokana na nini.

Aliye wa kumsikiliza kwa karibu zaidi ni Joe Nanton, waliyemwita Tricky Sam. Huyu alichomeka kizibo kidogo cha tarumbeta ndani ya mdomo wa tromboni yake. Kisha kwa mkono wa kushoto alishika kile kipira cha mafundi bomba cha kuzibulia sinki, kikiwa hakina mpini, akawa anakifumba na kukifumbua mbele ya mdomo huo huku anapuliza. Sauti inayotoka ni ya mtu mwenye jambo zito kifuani ambaye maneno yanamkatalia. Katika Ko-Ko Ellington amempa duru mbili nzima, na nyuma yake bendi inazidi kumbana.

Ukiuvua mapambo, Ko-Ko ni bluzi ya kawaida ya hatua 12 inayozungushwa mara saba. Carney anafungua kwa noti nzito ya chini. Juan Tizol, mzaliwa wa Puerto Rico, anauliza kwa tromboni yake ya vali, saksafoni zinamjibu. Nanton anaingia. Halafu Ellington mwenyewe anapiga piano kwa vishindo vikali vinavyogombana na bendi, kana kwamba anataka kuivuruga. Kila duru inaongeza uzito juu ya iliyotangulia, na hakuna hata moja inayorudia mavazi ya mwenzake. Karibu na mwisho bendi nzima inanyamaza, besi ya Jimmy Blanton inasikika peke yake kwa hatua mbili, bendi inarudi kwa kishindo, inanyamaza tena. Kabla ya Blanton, besi kwenye bendi za namna hii kwa kawaida ilikuwa ya kushikilia mapigo. Yeye aliifanya izungumze. Alijiunga mwaka 1939, na mwaka 1942 kifua kikuu kilimwua akiwa na miaka 23. Karibu yote tuliyonayo kutoka kwake yamo katika santuri alizorekodi na bendi hii.

Na santuri yenyewe ilikuwa bwana mkali. Sahani ya inchi 10 ilibeba dakika tatu na kidogo. Bendi ilipiga kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Wengi waliupunguza wimbo wa dansi ili uenee. Ellington alitunga kwa kipimo cha sahani tangu mwanzo, ndiyo maana nyimbo zake hazisikiki kama zimekatwa. Harlem Air Shaft haina nafasi hata ya noti moja zaidi.

Wapo wanaomlaumu kwamba alijenga jina kwa vipande vya sauti vilivyobuniwa na watu wake. Lawama hiyo ina ukweli. Katika Cotton Tail, ile sehemu ambayo saksafoni zote zinakimbia pamoja ilitungwa na Ben Webster, mmoja wa wapiga saksafoni wake, na wimbo ukabaki wa Ellington. Walistahili kutajwa na kulipwa zaidi. Hata hivyo, nasikiliza walichofanya haohao baada ya kumwacha, na mara chache nasikia cha kufanana na hiki.

Mpiga tarumbeta Cootie Williams, ambaye Machi 1940 alitungiwa Concerto for Cootie, alihamia kwa Goodman mwezi Novemba. Badala ya kumtafutia pacha, Ellington alimchukua Ray Nance na kumwachia awe Nance. Tarumbeta inayosikika katika Take the A Train, wimbo wa Billy Strayhorn uliorekodiwa Februari 1941, ni yake. Cootie alirudi mwaka 1962.

Agosti 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani kiligoma kurekodi, na kwa Victor mgomo haukuisha hadi mwishoni mwa 1944. Kwa hiyo fungu hili la santuri za Victor, lililoanza na Ko-Ko, ni la miaka miwili na ushei tu.

Msomaji uliyezoea tarumbeta za bendi ya Msondo Ngoma hutapata shida kuingia. Anza na Ko-Ko, kisha Jack the Bear, ya siku hiyohiyo, ambamo Blanton ndiye anayefungua na kufunga. Ila usizisikilizie kwenye spika ya simu. Tafuta redio yenye besi ya kutosha, la sivyo utamkosa Blanton.