Karatasi ya maelekezo inayoanzia mwisho

Msomaji, kwenye blogu hii tumezoea kuchambua makala za sayansi, vitabu, na mara moja moja filamu. Leo nachambua karatasi. Ni ile unayoikuta ndani ya boksi la kalamu ya kupima chumvi ya maji, imekunjwa mara nne, herufi zake ndogo mpaka utafute dirisha. Hakuna anayeihesabu kuwa ni maandishi ya sayansi. Lakini kwa mtu aliye mbali na maabara, hiyo ndiyo sayansi yote aliyopewa kuhusu kifaa chake, kwa hiyo tuisome kwa ukali uleule tunaowasomea maprofesa.

Sitaji kampuni. Nimefungua maboksi matatu ya kalamu tofauti na kukuta karatasi zinazofanana kama watoto wa tumbo moja. Kiini chake ni hiki: washa, chovya, soma; namba isipokuwa sahihi, fanya kalibresheni kwa mmumunyo uliomo kwenye pakiti. Basi. Hoja yangu ni kwamba kalibresheni imewekwa mwanzo wakati mahali pake ni mwisho, na kwamba kosa hilo la mpangilio linaua viumbe.

Tuanze na jambo ambalo karatasi hailisemi popote. Kalamu haipimi chumvi. Inapitisha umeme kidogo kati ya vipande viwili vya chuma, yaani elektrodi, inaangalia umeme huo unapita kwa urahisi gani, halafu inakisia chumvi. Maji ya bahari yenye chumvi gramu 35 kwa kilo, yakiwa na joto la nyuzi 25, hupitisha umeme kiasi cha milisimensi 53 hivi kwa sentimita. Yapoze maji yaleyale hadi nyuzi 15 na utapata kama 43. Hujatoa hata punje moja ya chumvi. Kwa makadirio ya haraka, kila nyuzi moja ya joto inahamisha kipimo kwa asilimia 2. Kalamu nzuri zina kipima joto ndani na hufanya fidia zenyewe. Za bei nafuu nyingine hazina, na kwenye karatasi yao utaona tu "25°C" imeandikwa nyuma, ndani ya jedwali la vipimo, kati ya uzito wa kalamu na aina ya betri. Mtu gani anasoma pale?

Sasa njoo Hanga, huku Songea (najua, kiutawala tuko Namtumbo, lakini mtu wa Hanga akiwa Dar anakuambia katoka Songea). Mwalimu mmoja ninayemfahamu aliamua wanafunzi wake waione bahari, na kwa kuwa bahari iko zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, akaileta yeye: madumu matatu ya lita 20 kutoka Mtwara, mwatiko wadogo wanne na viti vya pweza viwili. Tanki la kioo, pampu ya hewa, kipimajoto cha kawaida, na kalamu aliyoinunua Dar. Kalamu aliifanyia kalibresheni hukohuko Dar, kwenye chumba chenye joto la nyuzi 25, kwa kufuata karatasi hatua kwa hatua.

Mwezi wa saba Hanga si mchezo. Asubuhi maji ya tanki yalikuwa nyuzi 18 na kalamu ikasoma 30. Ukipiga hesabu utaona maji hayo yalikuwa na 35 kamili, kama yalivyotoka Mtwara. Baridi tu ndiyo iliyoshusha umeme. Lakini karatasi inasema kalamu iliyofanyiwa kalibresheni ni ya kuaminiwa. Mwalimu akaamini. Akaongeza chumvi kidogo kidogo, jumla karibu gramu 360, mpaka kalamu ikaonyesha 35. Chumvi halisi ya maji ilikuwa imefika kama 41.

Viti vya pweza vikafa vyote viwili wiki ileile. Mwatiko wakaendelea kuogelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo watu waliposema ni ugonjwa, maana kama ni maji mbona samaki wazima? Maelezo yapo. Mwatiko ana figo na mashavu yanayosukuma chumvi iliyozidi kuitoa mwilini. Anaishi baharini, anaingia mikokoni, anafugwa kwenye mabwawa ambayo jua linayakausha. Kiti cha pweza hana uwezo huo. Maji ya mwilini mwake yanafuata chumvi ya maji ya nje, na ukiibadilisha ghafla seli zake ndizo zinazolipa. Ukitaka kujua kama maji yako yamebadilika, mwatiko ni shahidi mbaya.

Kilichofichua mambo ni daftari. Mwalimu aliandika kila kipimo pamoja na saa na joto, jambo ambalo karatasi haikumwambia. Asubuhi nyuzi 18, kalamu 35. Alasiri nyuzi 22, kalamu 38. Siku ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Sasa fikiria mwenyewe: chumvi inaweza kuongezeka mchana na kupungua usiku? Maji yakipungua kwa mvuke chumvi hupanda, sawa, lakini haishuki tena usiku bila mtu kuongeza maji. Namba inayofuata jua kwenda na kurudi ni namba ya joto iliyovaa nguo za chumvi.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo karatasi ilipaswa kukuuliza ni hili: maji yana nyuzi ngapi, na kalamu yako inafidia joto au haifidii? Hata ile inayofidia haifanyi hivyo papo hapo. Ukiitoa mfukoni ikiwa na joto la mwili na kuichovya kwenye maji ya nyuzi 18, iache dakika kadhaa mpaka namba itulie.

Swali la pili: je, ni maji au ni tanki? Chota maji kwa kikombe cha plastiki, yaweke mezani, pima humo. Kama kikombe na tanki vinatofautiana, usiilaumu chumvi. Pampu au hita inayovujisha umeme kidogo majini inaweza kuivuruga kalamu. Chomoa vyote ukutani upime tena, na namba ikiruka umempata mwizi wako (na kifaa hicho ukitoe, maana na wewe unaingiza mkono humo). Pampu ya hewa nayo inatoa mapovu, na povu moja likikwama kati ya elektrodi linaziba njia ya umeme na kushusha namba. Igongegonge kalamu taratibu. Usiibane karibu na kioo pia, kwa sababu baadhi ya kalamu umeme wake hutanda nje ya ncha, na kioo kinaukata.

Swali la tatu: ni safi? Kalamu iliyotumika mwezi mmoja ina ukoko mweupe au utelezi wa kijani kwenye ncha. Siki ya kawaida, dakika kumi hivi, mswaki laini, maji yasiyo na chumvi, kwisha.

Na hapa ndipo ubishi wangu mkubwa na mwandishi wa karatasi ulipo. Tuseme ncha ina utelezi na kalamu inasoma chini. Wewe mtiifu unafanya kalibresheni. Kalamu inalazimishwa kusoma sawasawa ikiwa chafu. Baada ya wiki utelezi unabanduka, au unausugua, na sasa kalamu safi inasoma juu. Kosa halikuondoka, lilikuwa kwenye ncha, ukalihamishia kwenye kumbukumbu ya kifaa ambako hulioni. Ndiyo maana nasema kalibresheni ije mwisho kabisa, kifaa kikiwa safi, kimetulia, na joto linajulikana.

Halafu tuiangalie hiyo pakiti yenyewe. Kwenye boksi mbili kati ya tatu nilizofungua mmumunyo ulikuwa wa maikrosimensi 1413, kipimo kinachofaa sana kwa maji ya bomba na visima. Maji ya bahari ni zaidi ya mara 37 ya hapo. Ni kama kukagua mizani ya gunia la kilo 100 kwa jiwe la kilo tatu: jiwe likikubali, umejua mizani inapima kilo tatu vizuri. Ukiwa na tanki la bahari tafuta mmumunyo wa 53,000, au tumia maji ambayo umeshayapima kwa njia nyingine.

Kuna na kichekesho. Karatasi moja inaagiza kalamu ihifadhiwe ikiwa imelowa kwenye mmumunyo wa kloridi ya potasiamu. Huo ni utunzaji wa kipima pH, ambacho kioo chake kikikauka kinaharibika. Kalamu ya chumvi inasuuzwa na kukaushwa. Ukiitunza kwenye kloridi ya potasiamu kisha ukaichovya kwenye kijipakiti cha kalibresheni bila kuisuuza, umekitia chumvi kile kile ulichokitegemea kuwa rula. Yaani mtu amenakili maelekezo ya bidhaa nyingine na hakuna aliyeyasoma tena kabla ya kuchapa.

Kosa la mwisho ni la ndani zaidi, na sisi wanafunzi wa sayansi tunalifanya pia. Kugeuza umeme kuwa chumvi kunategemea ukweli mmoja wa bahari: popote uchotapo, uwiano wa chumvi zake hautofautiani sana. William Dittmar alichapisha uthibitisho huo mwaka 1884, baada ya kupima sampuli 77 zilizoletwa na meli ya Challenger, na kipimo cha kisasa cha mwaka 1978 kinachotumia umeme kimejengwa juu ya uwiano huohuo. Ni ahadi ya bahari. Maji uliyoyakoroga kwa chumvi ya dukani hayajatoa ahadi hiyo. Hiyo ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Magnesiamu na kalisi ya bahari nyingi ilibaki nje. Kalamu itakuonyesha 35 kwa furaha zote, maana umeme haujui jina la chumvi inayoubeba. Nenda nayo Mbamba Bay, uichovye Ziwa Nyasa ambako bikaboneti ndiyo kubwa, na neno "chumvi" kwenye kioo chake linazidi kukosa maana. Nimesoma kazi za wanafunzi zenye jedwali la chumvi kwa desimali mbili na hakuna mstari mmoja wa joto la maji wala mmumunyo uliotumika. Desimali mbili za nini?

Njia nyingine ya kupima ipo na haihitaji betri ya kalamu. Chukua chupa ya lita moja, ijaze maji ya mvua mpaka alama, ipime kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni. Imwage, ijaze maji ya tanki yenye joto lilelile mpaka alama ileile, pima tena. Maji ya bahari yenye 35 yatazidi kwa gramu 26 hivi. Kila gramu moja ya chumvi kwa kilo inaongeza karibu robo tatu ya gramu, kwa hiyo mizani inayosoma gramu moja moja itakukosesha kwa kama 1.3 hivi. Si ya kuandikia tasnifu, lakini kati ya 35 na 41 kuna tofauti ya gramu nne na zaidi, na hiyo mizani ya jikoni inaiona.

Mwalimu alifanya hivyo mwezi wa nane. Chupa ilizidi kwa gramu 31. Alitoa maji kidogo kila siku na kurudishia ya mvua, wiki nzima bila haraka, mpaka ikafika 26. Asubuhi hiyo maji yalikuwa nyuzi 19, na kalamu ilisoma 31. Ameiandika hivyohivyo daftarini, na pembeni yake ameandika joto.